Mahali pa Kumsimamisha Mzee

Duka langu liko Karatu mjini, mtaa wa juu kidogo kutoka barabara ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Magari ya watalii yanapita chini, mimi nasikia muungurumo tu. Upande wa kulia nina fundi cherehani, kushoto kuna duka la pembejeo, kwa hiyo siku nzima nasikia cherehani na kunusa mbolea. Kazi yangu ni picha. Pasipoti saizi, kadi za harusi, mabango ya misiba na ya kwaya, vitambulisho vya wanafunzi, na fotokopi kwa siku ambazo hakuna anayeoa wala anayefariki.

Skrini ya kompyuta nimeigeuza kidogo ili mteja aone ninachofanya. Watu wa huku hawapendi kitu chao kishikwe wasikione. Shida ni kwamba wakiona, wanauliza, na swali lao kubwa ni lile la miraba. Ukimtoa mtu kwenye picha yake, ukaondoa ukuta, kabati na pazia lililokuwa nyuma yake, pale panapobaki programu inaonyesha miraba midogo ya kijivu na nyeupe, kama sakafu ya vigae. Mteja anashtuka.

"Dada, mimi sikuomba vigae."

Namweleza kwamba si vigae. Pale hapana kitu. Kompyuta haina namna ya kuonyesha mahali pasipo na kitu, kwa hiyo inaweka miraba kama alama, ili mimi nijue kwamba nikiweka picha nyingine chini, itaonekana kupitia pale. Wengine wanaelewa, wengine wanatikisa kichwa kwa adabu. Wengi wanaamini pasipo na kitu ni peupe. Lakini nyeupe ni rangi kama nyekundu. Chukua nembo ya shule yenye weupe nyuma yake, iweke juu ya bango la bluu, utapata nembo iliyobandikwa plasta. Nimeyasema haya mara nyingi mpaka fundi cherehani jirani yangu anaweza kumweleza mteja nikiwa nimetoka kwenda kunywa chai.

Yule mama alikuja siku ya mnada, pamoja na mwanawe. Mwana alikuwa mtu mzima, amevaa koti zito juu ya shuka, na viatu vya kupandia milima. Aliniambia wanatoka Nainokanoka, kule juu ndani ya hifadhi, na kwamba yeye huongoza wageni wanaotembea kwa miguu na punda wa mizigo kutoka kwao mpaka Engaresero, kule bondeni kwenye ziwa. Mama alikuwa mzee, mrefu, mgongo umenyooka. Nilimsalimu kwa Kimaa kidogo nilichonacho, nikimwita yeyo, yaani mama.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akajibu, akaketi kwenye kiti cha kupigia picha bila kungoja kuambiwa.

Mwana alinipa simu yake. Kwenye picha alionekana mwanaume wa makamo, amesimama katikati ya ng'ombe asubuhi ya ukungu, shuka jekundu, fimbo ameilaza mabegani na mikono ameitundika juu yake, mmoja huku na mmoja huku. Mbele ya miguu yake alikuwapo ndama mwenye mabaka. Nyuma yake ukungu ulikuwa umemeza kila kitu.

"Ni baba," alisema. "Kuna mgeni alimpiga picha tukiwa njiani, akaahidi kuituma akifika kwao. Aliituma kweli. Ilipofika, baba alikuwa ameshatutoka."

"Hakuna nyingine?"

"Ipo ya kitambulisho. Lakini pale anaonekana kama amekamatwa."

Nikauliza wanataka nifanye nini. Akamtazama mama yake, wakasemezana kwa Kimaa, kisha akanigeukia.

"Mama anataka akae naye kwenye picha moja. Waliishi miaka yote hiyo, hawakuwahi kupiga hata moja pamoja." Akamtazama tena mama yake. "Na kuna mama mdogo. Baba alikuwa na wake wawili. Mama mdogo alikuwa mjamzito baba alipofariki. Huyo binti yupo hapa Karatu, anasoma bweni. Kila akirudi nyumbani anauliza baba alikuwaje. Tunamwonyesha simu, lakini simu ni simu, inaanguka siku moja kwenye maji ya punda na mambo yameisha."

Nilimpiga yeyo picha pale pale, mbele ya kitambaa cha kijivu, taa mbili zimemwelekea. Alitazama kamera kama mtu anayemwangalia ng'ombe wa kununua. Mama mdogo hakuwapo, wakasema watamleta siku nyingine. Wakaondoka kwenda mnadani.

Nilianza kazi alasiri, wateja walipopungua. Kumkata mtu si kazi ngumu kwa yule aliyezoea. Ugumu uko kwenye kingo. Ukiikuza picha sana, unaona kwamba pale shuka linapoishia na nyasi zinapoanzia hakuna mstari. Kuna vidoa ambavyo nusu yake ni shuka na nusu ni nyasi. Ukivichukua vyote, mtu anahama na uzi wa kijani umemzunguka mwili mzima. Ukiviacha vyote, anaonekana amekatwa kwa mkasi wa mtoto wa chekechea. Inabidi vile vidoa vya kati viwe nusu vinaonekana, nusu havionekani. Mimi situmii kifutio. Naweka barakoa juu ya picha, yaani kifuniko: nikipaka nyeusi panafichika, nikipaka nyeupe panarudi, nikipaka kijivu panafifia kiasi. Hakuna kinachopotea, kwa hiyo hata nikikosea kidole cha mtu naweza kukirudisha.

Kingo za mzee zilinitii. Kilichonishinda ni ukungu. Nilikuwa nimeuona nyuma yake, sikuwa nimeangalia kwamba upo pia mbele yake, kati yake na kamera, umetanda usoni, kifuani, kwenye fimbo. Nilipomtoa alitoka nao. Nilipomweka karibu na mkewe aliyepigwa chini ya taa zangu, yeye alikuwa amekolea, na mumewe alikuwa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi na kuanikwa juani. Nikaongeza weusi, nikaongeza wekundu, akazidi kuharibika. Na kulikuwa na yule ndama. Nilitaka kumwondoa, lakini nyuma ya ndama hakukuwa na miguu ya mzee. Kamera haikuiona miguu, basi mimi ningeitoa wapi? Nilipomficha ndama, mzee aliishia magotini, na chini yake ikawa miraba tu.

Nikaona ni heri niwaulize wenyewe kuhusu ndama. Nikamhifadhi mzee na ndama wake peke yao, bila chochote nyuma, nikamtumia mwana kwa simu na swali fupi: huyu mnyama abaki au aondoke? Nikafunga duka.

Kesho yake asubuhi alinipigia.

"Dada, ile picha uliyotuma ikoje?"

"Ikoje vipi?"

"Baba yuko kwenye giza. Giza kabisa. Niliifungua mama akiwa pembeni yangu. Akaniambia nizime simu. Mpaka sasa hazungumzi na mimi vizuri, na chai yangu leo amenipa mtu mwingine. Mama mdogo naye anasema sasa tumeona kwa nini wazee walikuwa wanakataza haya mambo."

Nikafungua simu yangu, nikaangalia kile nilichotuma. Ni kweli. Kwenye kompyuta niliacha mahali patupu. Njiani, ujumbe ulipoibana picha ili iwe nyepesi, ule utupu ukajazwa weusi, kwa sababu aina ya picha inayosafirishwa na simu haijui utupu, lazima iweke rangi fulani. Mzee alikuwa amesimama na fimbo yake mabegani, ndama mbele yake, na pande zote nyeusi kama masizi ya sufuria.

Nilimweleza mwana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekuelewa," alisema. "Mama je, nitamwambia nini? Kimaa cha hayo maneno sina."

Nilikaa nikimfikiria yule mama aliyemwona mumewe mahali pale. Kwetu, sisi Wairaqw wa huku Karatu, picha za marehemu zimejaa ukutani, tunazifuta vumbi Jumamosi. Lakini nimeishi karibu na Wamasai maisha yangu yote, najua kwao mtu akishaondoka hata jina lake haliitwi ovyo. Mama yule alikuwa amevuka jambo zito kuja dukani kwangu, na mimi nikamrudishia lile giza. Nikamwambia mwana nitapanda mwenyewe na kompyuta yangu.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliuliza kama kweli picha moja inanipandisha mlimani. Nikamwambia picha ningeweza kuimalizia dukani, ila yule mama siwezi kumfikia kwa simu iliyozimwa. Akanitafutia koti lake la mvua.

Nilipanda na gari linalopeleka unga, sukari na soda kwenye maduka ya Nainokanoka. Nilikaa mbele na dereva, mkoba wa kompyuta na kamera mapajani. Kutoka getini barabara inaingia msituni na kupanda kwa kona, na tulipofika ukingoni kreta haikuonekana, kulikuwa na weupe tu kama mtu ametandika shuka la hospitali. Tukazunguka upande wa mashariki. Tulipotoka kwenye miti, ukungu ukaachia, nikaona nyanda za majani mafupi, punda, watoto wa shule wakitembea mmoja mmoja. Mwana alikuwa ananisubiri madukani. Nyumba yake ya bati ilikuwa karibu, boma la mama zake hatua chache zaidi ya hapo, na wote wawili walikuwa wamekuja kunisubiri kwake.

Yeyo alipokea salamu yangu bila kunitazama. Mama mdogo nilimwona kwa mara ya kwanza: mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, Kiswahili chake kizuri kabisa, maana aliwahi kuishi kijiji cha Arash kwa dada yake aliyekuwa na duka. Ndiye aliyemimina chai ya maziwa, na ndiye aliyeanza.

"Dada, sisi mtu akiondoka tunamwacha aende. Wewe unataka kumsimamisha tena katikati yetu?"

"Mimi sitaki kitu, mama. Niliitwa. Nimekuja tu kwa sababu ya lile giza. Sikumweka mimi mle, wala hakuna mtu aliyemweka."

"Nani basi?"

"Nipe nafasi nikuonyeshe. Baada ya hapo mkisema niifute, naifuta mbele yenu, narudi na gari la jioni."

Nikafungua kompyuta juu ya kreti la soda. Mzee akatokea kwenye miraba yake. Yeyo alitazama pembeni, kisha akatazama. Akauliza jambo, mwana akatafsiri.

"Anauliza hivi vitu vya kijivu ni nini."

"Mwambie hapo hapana kitu."

Mwana akaanza kutafsiri, akasimama, akaanza tena. Akaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyoongea mimi. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimemwambia ni kama boma likihamwa. Kitu hakuna, lakini unaona lilipokuwa."

Sikuwa na uhakika kama ni sawasawa, ila yeyo aliitikia kwa kichwa, nikaona niendelee. Nikaweka leya nyeusi, yaani tabaka la rangi, chini ya mzee, lile giza likarudi. Mama mdogo akavuta pumzi. Nikaiondoa, miraba ikarudi. Nikatoka nje na kamera, nikapiga nyasi za mbele ya nyumba, nikaziingiza kwenye kompyuta wakiona, nikaziweka chini yake. Mzee akawa amesimama nje ya mlango wa mwanawe.

"Yeye hajasogea," nikasema. "Kinachobadilika ni kilicho chini yake. Simu yenu iliweka nyeusi kwa sababu ilikuta patupu."

Yeyo akasogeza kiti. Akaweka kidole kwenye kioo, si kwa mzee mwenyewe, pembeni yake, pale penye nyasi, akakiacha hapo. Nikafikiri sasa ni wakati wa kumwonyesha ile kazi niliyoanza, yeye na mumewe pamoja. Nikaifungua. Aliinama, akatazama kwa makini, akasema maneno mengi kwa sauti ya ukali. Mwana akaanza kucheka.

"Amesema nini?"

"Anasema huyu si mume wake. Anauliza umemwokota wapi mwanaume mrefu hivi."

Nilikuwa nimemfanya mzee ampite mkewe kwa kichwa kizima. Sikufikiri, nilifanya kama ninavyofanya kadi za harusi. Yeyo akasimama, akaonyesha kwa kiganja mahali mumewe alipokuwa anamfikia. Ilikuwa kwenye nyusi.

Mama mdogo alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya shuka. "Ni kweli," alisema. "Alikuwa mfupi. Akiwa katikati ya ng'ombe unaisikia sauti tu, mwenyewe humwoni."

Basi wakaanza kucheka wote wawili, wakiongea Kimaa kwa haraka, mmoja akimalizia maneno ya mwenzake, na mwana akaacha kabisa kutafsiri. Mimi nikampunguza mzee taratibu, yeyo akiniambia kwa mkono bado, bado, bado, mpaka akasema basi. Nilipoangalia, niliona kwamba sasa hata ile fimbo mabegani ilikuwa na maana. Ilimpa upana.

Mama mdogo akawa wa kwanza kurudi kwenye kazi. "Huyu ndama ulitaka kumfanya nini?"

"Nilitaka kumwondoa, nimeshindwa. Amekaa mbele ya miguu."

"Usimwondoe. Mama yake ndiye niliyekunywa maziwa yake nilipojifungua. Baba yao alisema huyo ng'ombe ni wa huyo mtoto, kabla hata hajazaliwa."

Hilo la ndama likaisha hapo. Nikawaeleza la ukungu. Kwamba umo usoni mwake, na kuufuta nisingeweza, kwa sababu chini yake sijui pakoje. Ningekuwa nachora uso wa mtu nisiyemjua. Na yeyo aliyepigwa chini ya taa dukani kwangu hawezi kukaa karibu naye, watu wawili hao hawapo katika hewa moja.

Mwana alitafsiri. Mama mdogo hakungoja tafsiri. Aliangalia nje, jua lilikuwa limetoka, nyasi zinang'aa.

"Huku ukungu haununuliwi," alisema. "Lala hapa. Kesho asubuhi sisi ndio tutaingia humo alimo yeye."

Alisema sisi. Nikamtazama, akajifanya anakusanya vikombe.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kuliko nilivyohitaji. Tulikwenda nyuma ya boma, mahali ambapo mwana alisema mlima Olmoti ungeonekana kama ungekuwa unaonekana. Nilisimika kamera, nikaiweka kimo kile kile ambacho nilikadiria yule mgeni aliishika, macho ya mtu wa kawaida. Wanawake wote wawili walikuwa wamevaa vizuri, shanga shingoni, mashuka ya bluu na mekundu, na baridi ilikuwa kali mpaka lenzi ikapata mvuke. Niliwaambia wasimame, waache nafasi katikati.

Yeyo alitazama ile nafasi, akamsukuma mama mdogo kwa bega asogee zaidi.

"Anasema hujaacha mahali pa fimbo," mwana akaniambia.

Tukakubaliana yeye asimame pale kwanza, atupimie. Akalaza fimbo yake mabegani, akatundika mikono. Tatizo ni kwamba mwana amerithi urefu wa mama. Yeyo akamwambia kitu, mwana akakunja magoti. Akaambiwa bado. Akakunja zaidi. Alikuwa amesimama pale kama mtu anayetaka kukaa kwenye kiti ambacho hakipo, na mama zake wawili kila upande wanajitahidi wasicheke. Nilipiga hiyo pia. Ninayo mpaka leo, haina matumizi, lakini siifuti.

Kisha nikamwomba atoke. Wanawake wabaki palepale, wasigeuke. Akaondoka, na pale katikati pakabaki nyasi na ukungu. Kicheko kikaisha chenyewe. Sikuwaambia watazame kamera wala wasitazame. Yeyo alitazama mbele. Mama mdogo alitazama pale patupu, akatazama mbele, akatazama tena pale. Nikawa napiga tu. Upepo ukapita, ukanyanyua ncha ya shuka la yeyo na kuitupa katikati, mahali ambapo ningemweka mzee. Nikasema moyoni hiyo imeharibika, nikapiga nyingine na nyingine. Ukungu ukaanza kunyanyuka, nikafunga kamera.

Niliporudi Karatu nilizipitia picha zote. Zile nilizodhani ni nzuri zilikuwa za wanawake wawili wamesimama mbali na kila mmoja. Nikimweka mzee katikati, alikaa kama mtu aliyebandikwa. Nikarudi kwenye ile niliyodhani imeharibika. Mama mdogo alikuwa anatazama katikati. Shuka la yeyo lilikuwa hewani. Nikamweka mzee juu ya nyasi, nikamshusha kimo mpaka kwenye nyusi za mkewe. Halafu nikachukua ile ncha ya shuka, peke yake, nikaikata uzi kwa uzi, maana mashuka yale yana tamvua na kila tamvua ina nafasi tupu katikati yake, nikaipandisha kwenye leya ya juu, ikapita mbele ya mkono wa mzee uliotundikwa kwenye fimbo. Kati ya tamvua ulionekana mkono.

Hapo akawa yupo. Sijui niseme vipi zaidi. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa kwenye leya yake, na sasa mmoja alikuwa mbele ya mwenzake kidogo, kama watu wanavyosimama.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida. Ukungu wa mzee ulikuwa na ubuluu zaidi kuliko ule wa juzi, nikaulainisha. Kwato za ndama nikazizamisha kwenye nyasi mpya kwa kuacha majani machache yapite juu yake. Mwisho nikaweka leya moja ya weupe hafifu sana juu ya wote watatu na ndama, mzito kidogo chini, mwepesi usoni, ili wote wawe wanavuta hewa ile ile. Nilimwita fundi cherehani aje aone. Alitazama, akauliza wale ni akina nani. Nikamuuliza yupi kati yao aliwekwa baadaye. Alifikiri, akamwonyesha mama mdogo.

Safari hii sikutuma kwa simu. Nilichapisha, nikaweka fremu, moja kwa kila nyumba na moja ya ziada ya mtoto, nikampa dereva wa gari la unga. Mwana alinipigia siku iliyofuata. Alisema yeyo ameitundika juu ya kitanda, upande wa ndani ambako mgeni haoni. Mama mdogo ameiweka mahali ambapo hata mpita njia anaweza kuiona. Kaka wa marehemu alikuja, akaitazama mara moja, akatoka nje akaenda kukaa na ng'ombe, na hawakujua kama alikasirika au vipi. Hawakumuuliza.

"Mama anataka kukuambia kitu," akasema, akampa simu.

Kiswahili cha yeyo nilikuwa sijawahi kukisikia. Alisema taratibu, neno moja baada ya jingine. "Nimemwona. Mfupi." Akarudisha simu kwa mwanawe.

Binti niliyesikia habari zake muda wote huo alikuja dukani wakati wa kufungua shule, sanduku la bati mkononi, sare imepigwa pasi. Alikuwa anatoka nyumbani kwenda bweni, akaomba gari lisimame ateremke kidogo. Alinisalimu shikamoo, akajitambulisha kuwa ni binti wa yule mama mdogo wa Nainokanoka, akasema ameambiwa picha ile ilitengenezwa hapa na yeye anataka kuona inavyotengenezwa.

Nikaifungua. Nikamwonyesha leya upande wa kulia wa skrini, nyasi, mama zake, ndama, baba, ncha ya shuka, ukungu, kila moja na kijicho kidogo pembeni yake. Nikamweleza kwamba ukibofya kijicho, hicho kitu hakionekani, lakini hakijafutika. Alielewa haraka kuliko wateja wangu wengi.

"Naweza kubofya?" akauliza.

"Bofya."

Akazima ukungu, akauwasha. Akazima ndama, baba yake akakatika miguu, akacheka kidogo, akamwasha haraka. Kisha akakaa na mshale juu ya kijicho cha baba yake kwa muda. Akakibofya. Wakabaki mama wawili kwenye ukungu, mmoja anatazama katikati, na ile ncha ya shuka inaning'inia hewani. Aliitazama hiyo kwa muda mrefu zaidi ya zile nyingine. Nje gari lilikuwa limepiga honi mara mbili, lilikuwa linamsubiri yeye.

"Ndivyo walivyosimama siku hiyo?" akaniuliza.

"Ndivyo."

"Na mama alikuwa anamwangalia nani?"

Nikamwambia sijui, hiyo amuulize mwenyewe. Akaitikia, akamrudisha baba yake, akachukua sanduku lake na kunishukuru, akatoka. Mimi nikafunga faili bila kuhifadhi, ili ibaki kama ilivyokuwa, nikamwita mteja aliyekuwa anasubiri pasipoti saizi.